Kwa nini nchi nyingine zina kipande kimekaa mbali na nchi yenyewe?

BabaWawili

Habari za jioni wadau. Naombeni msaada wa swali ambalo limenishinda. Juzi kijana wangu wa darasa la sita alikuwa anapaka rangi ramani ya Ulaya, kila nchi na rangi yake, Urusi kaipaka kijani yote akamaliza, alafu akanijia, baba hapa katikati ya Poland na Lithuania kuna kipande kidogo hakina jina la nchi, nikipake nini? Nikavaa miwani nikaangalia, kweli kuna kitu kimekaa pale ukingoni mwa bahari ya Baltiki kimeandikwa Urusi kwa herufi ndogo sana. Nikamwambia acha kwanza, itakuwa wachapaji wamekosea. Usiku nikafungua ramani nyingine tatu kwenye simu, zote ziko hivo hivo.

Toka hapo kila nikiangalia ramani ya dunia naviona vipande tu. Alaska ipo huko juu peke yake na Kanada yote iko katikati. Cabinda iko kaskazini ya mto Kongo wakati Angola yenyewe iko kusini. Timor ya Mashariki ina kipande ndani ya upande wa Indonesia. Sasa inakuwaje? Walinunua, walipigana, au ardhi ndo ilikatika? Watu wa huko wakitaka kwenda kwao wanapitaje? Na kama ni usumbufu hivi kwa nini wasimwachie jirani yakaisha? Nimeshampa mtoto jibu moja la kubahatisha, sitaki kumpa la pili.

mchora_ramani

Mkuu ramani yako haina kosa, kijana apake kijani. Hicho kipande ni Kaliningrad, ni mkoa kamili wa Urusi una watu kama milioni moja, na ukitaka kwenda Urusi yenyewe kwa nchi kavu lazima ukatize nchi mbili za watu, Lithuania na Belarus kwa mfano.

Ngoja nianze nacho hicho hicho manake ukikielewa hicho umeelewa nusu ya swali lako. Mji wake zamani uliitwa Königsberg, ulikuwa wa Wajerumani, ulianzishwa mwaka 1255, na yule mwanafalsafa Kant alizaliwa pale akaishi pale akafia pale mwaka 1804, kaburi lake mpaka leo liko ubavuni mwa kanisa kuu la mji. Yaani karne na karne ile ilikuwa Prussia ya Mashariki, nchi ya Wajerumani. Sasa watu wengi hawajui kwamba ardhi ile ilishawahi kutengwa na nchi yake kabla ya Warusi kufika. Baada ya vita ya kwanza ya dunia mkataba wa Versailles wa 1919 uliirudisha Poland kwenye ramani na ukaipa ukanda wa kufika baharini, ukanda wenyewe ukapita katikati ya Ujerumani, kwa hiyo Prussia ya Mashariki ikabaki huko ng'ambo peke yake na Mjerumani wa Berlin akitaka kwenda kule lazima akatize Poland. Ule ukanda na mji wa Danzig ndo vilikuwa kisingizio kikubwa cha Hitler mwaka 1939.

Vita ya pili ikaisha 1945, wakubwa wakakaa Potsdam kule Ujerumani, Stalin kiongozi wa Wasovieti akataka bandari ya Baltiki isiyoganda barafu wakati wa baridi, akapewa Königsberg na nusu ya kaskazini ya Prussia, nusu ya kusini ikaenda Poland. 1946 mji ukabadilishwa jina kwa heshima ya Kalinin, kiongozi mmoja wa Kisovieti, Wajerumani waliobaki wakaondolewa wote, wakaletwa watu wengine kutoka sehemu mbalimbali za Urusi ya Kisovieti.

Na hapa ndo penyewe, naomba usome taratibu. Wakati ule kile kipande hakikuwa mbali na chochote. Lithuania ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti na Belarus vile vile, kwa hiyo mtu wa Kaliningrad anapanda treni anaenda Moscow bila kuonyesha pasi kwa mtu. Mstari kati ya Kaliningrad na Lithuania ulikuwa wa kiutawala tu, kama wa mkoa na mkoa. Kwenye makaratasi ule mkoa uliandikwa chini ya Urusi, haukuandikwa chini ya Lithuania, na miaka arobaini na kitu hakuna aliyeona tofauti. 1991 Umoja ukavunjika na ile mistari ya ndani yote ikageuka mipaka ya nchi kwa mpigo. Lithuania ikaenda zake, Belarus ikaenda zake, Kaliningrad ikabaki pale pale ilipo. Hakuna ardhi iliyohama, watu walilala na mstari wa mkoa wakaamka na mpaka wa kimataifa.

Shungi

Asante mchora ramani, hiyo ya mistari ya ndani sikuwahi kuifikiria kabisa. Lakini Alaska haikuwa hivo si ndio? Ile ilinunuliwa.

mchora_ramani

Ndio Shungi, Alaska ni hadithi nyingine. Kaliningrad ilikatika, Alaska ilipatikana ikiwa tayari iko mbali. Warusi walikuwa wanaitawala kwa ajili ya biashara ya ngozi za wanyama, biashara ikafifia, na walikuwa wametoka kushindwa vita ya Crimea na Waingereza na Wafaransa mwaka 1856. Wakaona siku Mwingereza akiamua kuichukua kutokea Kanada hawawezi kuilinda, ni mbali mno, bora wapate hela. Wakamuuzia Mmarekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Kule kati kulikuwa na makoloni ya Kiingereza, na miaka minne baadae, 1871, British Columbia ikaingia Kanada, basi tumaini lolote la Marekani kuunganisha kwa nchi kavu likaisha hapo. Kwa hiyo kuna vipande vilivyokatika na kuna vilivyonunuliwa au kutekwa ng'ambo vikiwa tayari viko ng'ambo. Ceuta na Melilla za Hispania kule pwani ya Moroko ziko kundi hili la pili, Ceuta Wareno waliiteka 1415 baadae ikaangukia kwa Wahispania, Melilla Wahispania wenyewe waliichukua 1497. Moroko inazidai toka ipate uhuru 1956.

Nahodha_Mstaafu

Naomba niongelee Cabinda manake vijana wengi wanadhani ni kosa la kuchora ramani. Halikuwa kosa. Watu walikaa mezani wakaamua, na waliokuwa mezani hawakuwa wenye ardhi.

Februari 1, 1885, watawala wa Cabinda waliweka saini mkataba na Ureno mahali panaitwa Simulambuco, kwamba Cabinda inakuwa chini ya ulinzi wa Ureno. Mwezi huo huo mkutano wa Berlin ndo unafikia mwisho. Kule Berlin mfalme Leopold wa Ubelgiji anataka Kongo yote, lakini nchi kubwa namna ile bila mlango wa bahari atasafirishaje mali? Mdomo wa mto Kongo Mreno anasema wake, kusini na kaskazini. Wakapatana: Leopold akapewa ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto pamoja na kijipande cha pwani, Mreno akabaki na kusini ambako ndo Angola, na juu ya kile kijipande akabaki na Cabinda yake. Angalia ramani uone Kongo Kinshasa ilivyo kubwa alafu tazama pwani yake, haifiki hata kilomita hamsini. Huo ndo mlango wa Leopold, na ndo unaoikata Cabinda na Angola mpaka leo.

Mwanzoni Cabinda na Angola zilihesabika mbalimbali, baadae Ureno ikaziweka chini ya utawala mmoja. Miaka ya 1960 mafuta yakapatikana baharini kule Cabinda. Januari 1975 pale Alvor, Ureno ikasaini makubaliano ya uhuru na vyama vitatu vya Angola, MPLA, FNLA na UNITA, na ikaandikwa kabisa kwamba Cabinda ni sehemu ya Angola isiyotenganishwa. Wale waliokuwa wanapigania Cabinda yenyewe hawakuitwa. Sasa BabaWawili unauliza kwa nini wasimwachie jirani. Kwa mafuta yale? Na wako watu wa Cabinda mpaka leo wanaoshika ule mkataba wa Simulambuco wanasema sisi tulisaini na Mreno kivyetu, Angola ilitukuta. Mtakumbuka Januari 2010 basi la timu ya taifa ya Togo lilipigwa risasi kule Cabinda wakiwa wanakwenda kwenye kombe la Afrika, watu wakafa. Chanzo cha ugomvi ule ndo hiki nilichoandika hapa.

Afrika ipo na mifano mingine miwili naipenda. Walvis Bay kule Namibia, Mwingereza aliichukua 1878 kwa sababu ndo bandari nzuri pwani ile, Mjerumani alipokuja 1884 kuchukua nchi yote iliyobaki akaikuta ina mwenyewe. Basi bandari ikarithiwa na Afrika Kusini. Namibia ikapata uhuru 1990 bandari yake kubwa ikiwa mikononi mwa nchi nyingine, wakazungumza miaka minne ndo ikarudishwa, usiku wa kuamkia Machi 1, 1994. Na kwenye ziwa Nyasa kuna Likoma na Chizumulu, visiwa vya Malawi lakini maji yote yanayovizunguka ni ya Msumbiji. Wamisionari wa Kianglikana walijenga makao yao Likoma toka miaka ya 1880, wana kanisa kubwa la mawe pale hutarajii kulikuta kisiwa kidogo namna ile, kwa hiyo Mwingereza na Mreno walipogawana ziwa mwaka 1954 visiwa vikabaki upande wa Mwingereza.

kijana_wa_pwani

Ya kwenu yote cha mtoto, nilisoma kuna vipande kati ya India na Bangladesh vilitokana na wafalme wawili kucheza karata na sataranji, anayeshindwa anatoa kijiji. Ndo mana vilikuwa vingi vile.

Mwl_Zuhura

Hiyo ya sataranji inasimuliwa sana mdogo wangu lakini ni hadithi tu. Vile vipande vilitokana na vita kati ya Wamughal, watawala wakubwa wa India ya zamani, na ufalme mdogo wa Cooch Behar. Walipopatana mwaka 1713, kila upande ulikuwa na wenye ardhi wake ambao walikuwa wamejikita ndani ya eneo la mwenzake, wakashindwa kuwatoa, basi wakaachwa pale pale wakiendelea kulipa kodi kwa bwana wao wa zamani. Wakati ule haikuwa shida, mtu alijulikana anamlipa nani na hakuna aliyemzuia kupita. Kilichofanya iwe shida ni mwaka 1947. India na Pakistan zikagawanywa (Bangladesh wakati ule ilikuwa sehemu ya Pakistan), Cooch Behar ikaingia India 1949, na zile risiti za kodi za karne ya 18 ghafla zikawa ndo uraia wa mtu.

Naomba niandike kidogo juu ya hao watu, manake tunaongea vipande kama vile havina watu ndani. Vilikuwa 162. Vya India ndani ya Bangladesh 111, vya Bangladesh ndani ya India 51, na jumla walikuwa watu kama elfu hamsini. Kimoja kinaitwa Dahala Khagrabari kilikuwa shamba lisilofika hekta moja, lilikuwa la India, liko ndani ya kijiji cha Bangladesh, kijiji chenyewe kiko ndani ya kipande cha India, na kipande hicho kiko ndani ya Bangladesh. Duniani hakikuwepo kingine cha namna hiyo.

Sasa chukua mama anayeishi kwenye kipande cha India kilichozungukwa na Bangladesh. Kwa sheria ni Mhindi. Serikali yake haiwezi kumfikia kwa sababu polisi wa India hawawezi kukatiza Bangladesh kuja kwake. Serikali ya Bangladesh haimhusu. Akitaka kutoka kijijini lazima aingie nchi ya kigeni, na kuingia nchi ya kigeni anatakiwa viza, na viza inatolewa mjini, na mji uko huko huko kwenye nchi ambayo haruhusiwi kuingia bila viza. Kwa hiyo kila akienda sokoni anavunja sheria. Waya za umeme zinapita karibu kuelekea kijiji cha pili, kwake hakuna. Mtoto akitaka shule inabidi aandikishwe kwa jina la baba wa kijiji cha jirani ambaye ana karatasi, mtoto anakua anaitwa kwa jina la mtu asiyemzaa. Akiibiwa hana pa kushtaki.

Indira Gandhi wa India na Mujibur Rahman wa Bangladesh walisaini mkataba wa kumaliza jambo hili mwaka 1974. Utekelezaji ukachukua miaka 41. Usiku wa Julai 31 kuamkia Agosti 1, 2015 ndo vipande vikabadilishana nchi, watu wakawasha mishumaa na kupandisha bendera. Kila mtu aliulizwa anataka uraia gani, na karibu wote walichagua kubaki kwenye nyumba zao na kupokea nchi inayowazunguka. Waliokuwa kwenye vipande vya India ndani ya Bangladesh walikuwa kama 37,000, waliohama kwenda India hawakufika elfu moja. Wa upande wa pili hakuhama hata mmoja.

Na kile alichosema mchora ramani kuhusu mstari wa ndani kugeuka mpaka, huku nako ni kile kile ila cha zamani zaidi. Haki ya ardhi ilikuwepo kwanza, mpaka ukaja baadae ukaikuta.

BabaWawili

Mwalimu umenigusa, hapo kwa mtoto kuandikishwa kwa jina la baba mwingine nimesoma mara mbili. Asanteni wote kwa kweli. Kwa hiyo kubadilishana inawezekana. Sasa kwa nini wengine hawafanyi? Na hili la usafiri bado, wa Kaliningrad wanapitaje?

dereva_masafa

Usafiri naweza kusaidia. Kaliningrad kuna treni inapita Lithuania, toka 2003 abiria wa Urusi wanapewa karatasi maalum ya kupita, hawaruhusiwi kushuka njiani. 2022 vita ya Ukraine ilipoanza kule stesheni ya Vilnius wakatundika picha kubwa za vita kando ya reli ili abiria wa ile treni wazione kutoka dirishani. Mwaka huo huo Juni Lithuania ikazuia baadhi ya mizigo isipite kwa sababu ya vikwazo vya Ulaya, ikawa kelele kubwa, baada ya wiki chache reli ikaruhusiwa tena. Ndo ujue kipande kama hicho kinavyotegemea roho ya jirani.

Wengine wanajenga daraja. Kroatia pwani yake imekatwa na Bosnia kwenye mji wa Neum, pwani kama kilomita 20 tu, Dubrovnik ikabaki upande wa pili. Asili yake ni 1699, jamhuri ya Dubrovnik iliwaachia Waturuki ile ardhi makusudi ili wakae katikati yao na Venice, yaani walimweka mtu mkubwa mlangoni ili adui asiingie. Karne tatu baadae malori ya Kroatia yanapanga foleni kuingia Bosnia na kutoka, mara mbili ndani ya nusu saa ya safari. Julai 2022 wakafungua daraja la Pelješac, kilomita 2.4 juu ya bahari, wakaizunguka Bosnia kabisa. Brunei nayo ilifanya hivo hivo, daraja lake la kwenda kipande chake cha Temburong lilifunguliwa 2020, karibu kilomita 30 kwa jumla, sehemu yake inapita juu ya ghuba.

Na kuna kule Point Roberts, kipande cha Marekani kwenye ncha ya rasi inayoshuka kutoka Kanada. 1846 Marekani na Uingereza walikubaliana mpaka ufuate mstari wa latitudo wa nyuzi 49 moja kwa moja mpaka baharini, mstari ukaja kukata ncha ya ile rasi. Watoto wakimaliza madarasa ya mwanzo shule yao iko Marekani bara, basi la shule linaingia Kanada, linakatiza, linatoka, jioni tena, kwa hiyo mtoto anavuka mpaka mara nne kwa siku. Korona ilipofunga mpaka 2020 wakakwama, ikabidi wawekewe boti.

Shungi

Hapo kwa kutobadilishana mimi nina mfano kwa sababu nilishafika Baarle, na nilikaa siku nzima nikizunguka na miguu.

Ni mji mmoja lakini ni wa nchi mbili, Ubelgiji ina vipande 22 pale ndani ya Uholanzi, na ndani ya vipande hivyo vya Ubelgiji kuna vingine 7 vya Uholanzi. Mpaka umechorwa barabarani kwa misalaba midogo myeupe, upande huu umeandikwa NL upande huu B. Unafuata misalaba inapita kwenye meza za mkahawa, inapanda ukuta wa nyumba ya mtu, inatokea nyuma. Kila nyumba ina kibao cha namba chenye rangi za bendera ya nchi yake ili ujue. Na kanuni yao ni kwamba nyumba ni ya nchi ambayo mlango wa mbele upo. Niliiona moja mpaka unapita katikati ya mlango wenyewe, ina namba mbili, kushoto ya nchi moja kulia ya nchi nyingine. Nilisimama pale muda mrefu sana.

Chanzo ni mwaka 1198, mtawala wa Brabant alimpa bwana wa Breda ardhi lakini akajibakizia viwanja alivyokuwa anapata kodi nzuri. Viwanja vya mtu mmoja mmoja yaani. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830 vile viwanja vikawa nchi. Wamejaribu kuvibadilisha mara kadhaa haikuwezekana, na mpaka wa mwisho kabisa ulikuja kuwekwa sawa 1995. Sasa hivi hawataki tena, wameshazoea, na watalii wanakuja kwa sababu hiyo hiyo. Vita ya kwanza iliwasaidia pia, Wajerumani waliteka karibu Ubelgiji yote lakini vile vipande hawakuvigusa, wangevifikiaje bila kukanyaga Uholanzi ambayo haikuwa vitani? Wabelgiji wakaweka mtambo wa redio pale. Lakini usumbufu upo, 2020 wakati wa korona kuna duka la nguo limekatwa na mpaka, upande wa Ubelgiji ukafungwa kwa utepe na upande wa Uholanzi ukaendelea kuuza.

mchora_ramani

Naongezea kwa ufupi kwenye hilo la kubadilishana. Hao hao Ubelgiji na Uholanzi walibadilishana mahali pengine bila shida. Mto Meuse ulinyooshwa, vipande vya Ubelgiji vikabaki ng'ambo ya mto upande wa Uholanzi, hakuna njia ya kufika isipokuwa kwa boti. Ulipopatikana mwili wa mtu kule, polisi wa Uholanzi hawana mamlaka, wa Ubelgiji wanalazimika kuja na boti na vifaa vyao vyote. Wakasaini 2016, ikaanza kutumika Januari 1, 2018. Ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anaishi pale.

Penye watu ni kazi nyingine. Büsingen ni kijiji cha Ujerumani kimezungukwa na Uswisi pande zote, mwaka 1918 wanakijiji walipiga kura, asilimia 96 wakataka kuingia Uswisi. Hawakupewa, Uswisi haikuwa na cha kuipa Ujerumani badala yake. Mpaka leo ni Wajerumani na mkononi wanatumia zaidi faranga za Uswisi. Na kuna mji wa Llívia, wa Hispania, uko ndani ya Ufaransa. Mkataba wa 1659 ulimpa Mfaransa vijiji vya bonde lile, Wahispania wakasema Llívia kihadhi ni mji, mkataba umesema vijiji, wakabaki nao. Neno moja, na bado linashika.

BabaWawili

Jamani nimemsomea kijana yote haya, ya Baarle amecheka, ya yule mama wa kwenye kipande amenyamaza. Kaliningrad ameshaipaka kijani. Ila sasa kashika ramani ya pili kaniletea kingine, kati ya Armenia na Iran kuna kipande kina rangi ya Azerbaijan na Azerbaijan yenyewe iko upande wa pili. Nimemwambia hiki sijibu mpaka niulize.

mchora_ramani

Hicho ni Nakhchivan, mwambie ni ndugu yake Kaliningrad. Mkataba wa Moscow na wa Kars, yote ya 1921, Uturuki ikiwa mezani, ilisema Nakhchivan iwe chini ya Azerbaijan, na 1924 ikawa jamhuri yenye utawala wake wa ndani. Armenia ilikuwa katikati lakini wote walikuwa Wasovieti, treni ilikuwa inapita Armenia ikiambaa mto Aras. Miaka ya mwisho ya Wasovieti Armenia na Azerbaijan zikaanza kupigania eneo la Karabakh, njia ikafungwa, na Umoja ulipovunjika ule mstari nao ukawa mpaka wa nchi mbili zilizoko vitani. Toka hapo miaka na miaka mtu wa Nakhchivan akitaka kufika Baku, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, ama anapanda ndege ama anaingia Iran, anaambaa ng'ambo ya mto ule ule, alafu anaingia tena Azerbaijan kwa chini.

BabaWawili

Kasema anataka kuuchora ule mto. Kaenda kutafuta rangi ya bluu.